Chema chajiuza? Mhitimu wa Visiwani mbele ya meza ya usaili

Swali la mwanzo la usaili ndilo linaloonekana jepesi kuliko yote: "Hebu jieleze." Na wengi huzamia hapohapo. Binti amemaliza digrii, katoka Wete, Pemba, na giza la alfajiri kuwahi boti ya Mkoani, kalala kwa shangazi yake Kwahani, saa tatu asubuhi yupo mbele ya watu wanne waliovaa miwani. Anataja jina, skuli alizosoma, mwaka aliomaliza chuo, kisha ananyamaza. Wasaili nao wananyamaza, wakisubiri aendelee. Yeye anadhani amemaliza, wao wanadhani hana la kusema. Jioni yake, shangazi na watoto wake wanamuuliza ilikuwaje, anawahadithia usaili huohuo, na sauti ya kila msaili akiigiza, mpaka watu wanashika mbavu.

Baadaye utamsikia mwajiri akisema kwenye kikao kwamba wahitimu wetu hawana stadi za mawasiliano. Kauli hiyo imekuwa kama dua ya kufungulia kila warsha ya ajira, na hakuna anayeuliza maana yake. Mimi nadhani haina maana moja. Ndani yake mmefungwa mambo mengi kwa kamba moja, na ndiyo maana dawa tunazotoa mara nyingi hazishiki.

Tuanze na jina. Huko nje stadi hizi huitwa "ujuzi laini", na wengi wetu tumelitafsiri hivyohivyo. Asili yake ni jeshi la Marekani, ambalo mwaka 1972 liliitisha mkutano Fort Bliss, Texas, kuzijadili. Jeshi lilikuwa hodari kumfundisha askari kuendesha kifaru au kufungua bunduki, lakini likakwama kwenye kazi zisizo na mashine, kama kuongoza kikosi, kukagua wenzako au kuandika taarifa ikaeleweka. Watafiti wake walikuja kukiri, kwa maneno mengine, kwamba zilizoitwa ngumu zilikuwa zile kazi wanazozijua vizuri, na zilizoitwa laini zile wasizozijua sawasawa. Kwa Kiswahili neno lenyewe linazidi kutupoteza: laini ni kitambaa, laini ni njia isiyo taabu, na siku hizi laini ni kadi ya simu. Hakuna hata moja linalogusa ugumu wa kumwambia bosi wako kwamba amekosea hesabu.

Kwamba stadi hizi zina bei sokoni, hilo halina ubishi mkubwa. Mwaka 2017 mchumi David Deming alichapisha uchambuzi wa soko la ajira la Marekani kuanzia 1980 hadi 2012, akaonyesha kwamba sehemu ya kazi zinazodai kushughulika sana na watu ilipanda kwa karibu pointi 12 za asilimia, huku kazi za hesabu tupu zisizotaka maingiliano zikipungua. Kompyuta inapiga hesabu. Haijui kusuluhisha wafanyakazi wawili waliogombana kwa sababu ya zamu.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Sensa ya 2022 iliihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Wageni walioingia mwaka 2023 walizidi 630,000. Yaani kwa kila wenyeji watatu, mgeni mmoja alishuka uwanjani au bandarini, akataka kupokewa, kuelekezwa, na kuombwa radhi chakula kikichelewa. Uchumi wa namna hiyo unaishi kwa mdomo. Na hata ukiacha hoteli, vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na vinginevyo, vinatoa walimu, wauguzi, wahasibu na maafisa mipango, na hao wote kutwa nzima wanashinda na watu.

Sasa tufungue kamba.

Fundo la kwanza ni lugha, na ndilo linalodanganya zaidi. Usaili mwingi unaendeshwa kwa Kiingereza, au unaanza kwa Kiswahili ukageuka katikati bila taarifa. Mtoto wa Zanzibar hukutana na Kiingereza cha hesabu na sayansi tangu darasa la tano, kwa sera ya elimu ya mwaka 2006, kisha sekondari karibu masomo yote ni kwa lugha hiyo. Ukihesabu miaka, anatakiwa awe anakiongea kama maji. Lakini muulize aliyepita humo. Maalim anaeleza kwa Kiswahili ili somo liingie, anaandika ubaoni kwa Kiingereza ili mtihani upite, kisha anauliza kama mmefahamu, na darasa zima linajibu "yes" kwa sauti moja. Mtihani wenyewe ni wa kimya. Mtu anaweza kufika chuo kikuu bila kuwahi kusimama dakika tano akajenga hoja kwa Kiingereza na akabishiwa.

Kejeli yake ni hii: Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kabla ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930. Kijana wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, anazungumza lugha ambayo eneo zima liliichukua kuwa kielelezo, na bado anaambiwa hajui kuwasiliana. Mwenzake wa Pemba ana mzigo zaidi. Nyumbani ni Kipemba, akifika mjini anakibana kidogo ili asichekwe, na mbele ya meza anahamia Kiingereza. Ubongo uliokuwa ufikirie jibu unashughulika kuchunga ulimi.

Kipimo cha kutenganisha mambo haya ni rahisi mpaka nashangaa hakitumiki: muulize swali lilelile kwa Kiswahili. Akifunguka, tatizo ni lugha, apelekwe kwa mwalimu wa lugha. Akibaki vilevile, tatizo liko kwengine. Sisemi Kiingereza hakina kazi. Mpokeaji wa wageni Nungwi anakihitaji, na wa Kiwengwa akijua na Kitaliano ndio bora zaidi. Lakini afisa atakayekwenda kuzungumza na wavuvi wa Kojani, siku tano kwa wiki, kwa Kiswahili, kwa nini achujwe kwa Kiingereza? Hapo tunapima kitu kimoja na kukiita jina la kingine.

Fundo la pili ndilo linalonigusa zaidi, maana halimo katika vitabu vya kuandaa usaili. Ni haya, yaani kuona aibu.

Tumelelewa na methali inayosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejisifu ana kasoro anayoificha, na aliye bora husubiri kuonwa. Mtoto aliyefundishwa vizuri hamkodolei macho mtu mzima, hamkatizi, na akifanya jambo la maana husema "tulifanya", akimshukuru Mungu kwanza. Halafu tunamtia kwenye chumba ambamo kanuni zote zimepinduliwa. Anatakiwa amtazame mkubwa usoni. Anatakiwa aseme "mimi". Anatakiwa ajitembeze, na methali imeshamwambia kinachojitembeza ni kitu gani. Ukimya wa binti wa Wete, kwa mizani ya nyumbani kwao, ulikuwa jibu zuri: ametaja nasaba na elimu, yaliyobaki wataulizwa wanaomjua. Msaili, ambaye pengine kalelewa na methali ileile, amekaa upande wa pili wa meza na fomu yenye kisanduku kilichoandikwa "kujiamini", na anaweka alama ndogo.

Washauri wengi humwambia mhitimu aache haya. Ushauri mbovu, kwa sababu mbili. Haya si nguo, haivuliki mlangoni. Na akilazimisha, hutoka mtu wa bandia anayesema "mimi ni mchapakazi, mbunifu na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo", maneno ambayo wasaili wameyasikia kutoka kwa watu thelathini tangu asubuhi.

Kuna njia nyengine, nayo tunaijua tangu utotoni: kisa. Paukwa, pakawa. Anayesimulia kisa hajisifu, anaeleza lililotokea, na sifa inaokotwa na msikilizaji mwenyewe. Wataalamu wa ajira wameigawa njia hii katika hatua za hali ilivyokuwa, jukumu lako, ulichofanya na kilichotokea, wakaiuza kama ugunduzi. Tuseme binti wetu aliwahi kushika fedha za kamati ya shughuli ya harusi ya mtaani. Kwake hilo si uzoefu wa kazi, ni mambo ya kwetu tu. Lakini msikilize akiliweka hivi:

"Tulikuwa kina mama na wasichana kumi na wawili, mimi nikiweka fedha. Wiki mbili kabla ya shughuli, walioahidi kuchanga nusu yao walikuwa hawajatoa. Sikuwatangaza kwenye kundi la WhatsApp, nilipita kwa mmoja mmoja nyumbani. Watatu walikuwa na dhiki kweli, nikapanga na mpishi wao wasaidie jikoni badala ya fedha. Wengine walitoa. Siku ya shughuli hatukukopa, na hesabu niliisoma mbele ya wote."

Ndani ya maneno hayo hamna "mimi ni hodari" hata moja. Mna kusimamia fedha, kutunza siri ya mtu, kusuluhisha na kutoa hesabu. Msaili anayejua kazi yake hataomba zaidi. Na visa vya namna hii tumejaaliwa navyo tele: aliyesoma maulidi mbele ya msikiti uliojaa, aliyekuwa nahodha wa timu ya mtaa isiyo na jezi, aliyeendesha upatu wa watu ishirini bila ugomvi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba hivyo navyo vinahesabika.

Haya ina ndugu yake anayengoja ndani ya kazi, anaitwa muhali. Asiyekulia Visiwani atataka maelezo. Kuona muhali ni kushindwa kumkatalia mtu au kumwambia la kumuudhi, kwa kuchunga uso wake na wako. Ni gundi ya ujirani, bila muhali mitaa yetu isingekalika. Ofisini, hata hivyo, muhali unaweza kuvunja kazi. Mkuu anauliza ripoti itakuwa tayari Jumatano? Kijana anajua haiwezekani, anajibu inshaallah. Neno hilo halina kosa, ni imani yetu. Kosa ni kulitumia kama pazia. Mzanzibari mwenzake anasikia kwenye sauti kwamba Jumatano hakuna kitu. Meneja aliyetoka kwengine anaandika "Jumatano" kwenye kalenda yake, na siku hiyo ikifika anamwita kijana mwongo.

Kukataa kwa staha kunawezekana na kuna ufundi wake: "Bwana mkubwa, Jumatano nitakuletea takwimu za Unguja zimekamilika. Za Pemba sijaletewa. Nikizipata kesho, Alhamisi mchana utakuwa nazo." Humo hamna neno "hapana", na mkuu amepata kila alichokihitaji ili apange siku yake. Mfano mmoja wa namna hiyo, ukifanyiwa mazoezi kwa sauti, una faida kuliko saa nzima ya slaidi kuhusu "mawasiliano fanisi".

Nami nigeuze upande wa pili wa sarafu, maana lawama imekuwa ya upande mmoja. Muuguzi anayejua kupiga hodi, kusubiri, kuuliza hali ya wazee kabla hajauliza kuhusu chanjo, huyo ataondoka Micheweni na taarifa sahihi. Mtaalamu anayeingia na karatasi yake akaanza na swali la kwanza ataondoka na majibu ya kumridhisha tu. Kama stadi za mawasiliano ni kumfanya mwenzako akuelewe na akuamini, basi ujuzi wa hodi ni stadi ya kazi, na kwa kazi nyingi za hapa una bei kuliko tai. Sijawahi kuona fomu ya usaili yenye kisanduku chake.

Na usaili wenyewe je, unapima? Hapa wanaoajiri nao wana la kujifunza. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Paul Sackett walikusanya upya miongo ya ushahidi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwenye mizani ambayo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili kati ya alama za uchaguzi na utendaji wa baadaye, usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, ulipata 0.42. Usaili wa mazungumzo huria, kila msaili akiuliza linalomjia, ulipata 0.19. Huo wa pili unampendelea mcheshi na anayefanana na msaili. Kwa hiyo mwajiri anayelalamika kwamba aliyemchukua alijieleza vizuri lakini kazi hawezi, ajue kwamba amenunua alichokipima.

Kuhusu maandishi nitapita mbio. Barua pepe isiyo na kichwa, faili la wasifu lenye jina "cv mpya mpya 2", na ujumbe wa sauti wa dakika nne kwa mtu usiyemjua: hayo yanarekebishika kwa mchana mmoja, na anayeyashindwa baada ya kuambiwa mara mbili ana tatizo la uvivu.

Fundo jengine ni kujuana, ambalo hapa kwetu husemwa chini kwa chini. "Mtoto wa nani wewe?" ni swali la barazani, na lina wajukuu wake maofisini. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu watu waliobadilisha kazi karibu na Boston, Marekani. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake ukiifikiria ni nyepesi: ndugu na marafiki wa karibu wanajua unachokijua wewe. Habari mpya hutoka kwa unayemjua kwa mbali.

Kwa mtoto wa mkulima wa karafuu au mvuvi, hilo ni jambo zito. Ana watu wengi wa karibu, wa kufa na kuzikana, ila wote wako kijiji kimoja na kazi moja. Wa mbali, yule aliye benki, yule wa mamlaka fulani, ni wachache. Mtoto wa mjini amezaliwa nao. Ndiyo maana wiki za fildi, yaani mafunzo ya kazini wakati wa masomo, ni mali kuliko wanafunzi wengi wanavyozichukulia: si barua ya kugongwa muhuri, ni watu ishirini wasiokuwa jamaa zako ambao sasa wanajua unavyofanya kazi. Kuna wanaoona hii ni njia nyengine ya kusema upendeleo. Mimi natenganisha hivi: kuna anayekupa habari na kuna anayekupa kiti. Wa kwanza anakwambia nafasi imetangazwa na inataka nini, halafu unakwenda kushindana. Wa pili anazima mashindano. Aliyezoea kumtegemea wa pili hujifunza kidogo sana kuhusu kujieleza, maana hajawahi kuhitaji.

Linabaki suala la kama haya yanafundishika. Yanafundishika, kwa kiasi. Addis Ababa watafiti waliwagawa vijana kwa bahati nasibu, wengine wakapewa nauli ya kutafutia kazi, wengine warsha ya kuandika maombi na kujiandaa kwa usaili pamoja na vyeti vya majaribio ya ujuzi wao. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya miaka minne nafuu ya nauli ilikuwa imeyeyuka, lakini waliopata warsha walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 20. Kwa mtu ambaye safari yake ya usaili ni bahari, nauli haidharauliki. Hata hivyo nauli inakufikisha mlangoni tu.

Ila kuna utafiti mwengine ambao wapangaji wa warsha hawautaji, nao unahusu wahitimu hasa. Ufaransa, katika maeneo 235, vijana wasomi wasio na kazi walipewa msaada wa kuitafuta, kwa idadi tofauti kila eneo. Ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba waliosaidiwa walipata kazi upesi, na kwamba sehemu ya nafuu yao ilitoka mikononi mwa wenzao wasiosaidiwa. Foleni ilipangwa upya, milango ikabaki ileile. Tukiwafundisha waombaji mia tatu wa nafasi tano kujieleza kwa ufasaha, tutapata watu mia tatu fasaha na nafasi tano. Ufasaha haujengi ofisi, na anayemwambia mhitimu kwamba kukosa kwake kazi ni kwa sababu ya mdomo wake tu, anamdhulumu.

Nani anasogea mbele kwenye foleni, hata hivyo, ni swali la haki, na warsha ikifanyika kwenye ukumbi wa hoteli mjini Unguja tu, jibu lake linajulikana. Isitoshe, ukumbi wenyewe hauhitajiki. Inatosha baraza moja Wete au Chake Chake, watu watano, baada ya magharibi. Kila mmoja ana dakika mbili za kisa kimoja cha kweli alichokifanya yeye, na wenzake wana ruhusa ya kumkatiza kwa swali moja tu: "Na wewe hapo ulifanya nini?" Raundi ya kwanza kwa Kiswahili. Kisa kikikaa sawa, kirejewe kilekile kwa Kiingereza.